Umefika?

Zuwena alikwenda kununua mkate wa asubuhi
dukani kwa Mmalabari, hapa hapa Al-Khodh,
mwendo wa kanga kukauka juani mwezi wa Juni.
Hakuanguka vibaya, walisema. Alikaa tu
kwenye ngazi ya duka, kama mtu aliyekumbuka jambo.
Mkate ulirudi nyumbani, bado una moto.

Siku tatu za kahawa na halwa,
wanawake wa Sharqiya na wanawake wa Unguja,
Kiarabu na Kiswahili vimechanganyika kama mchele na choroko,
kila mmoja ananishika mkono ananipa subira.
Nilizipokea zote. Nikaziweka juu ya kabati
pamoja na masahani ya watu, ya kurudisha.

Aliyeumwa na nyoka, wanasema, akiona ung'ongo hushtuka.
Mimi sishtushwi na ung'ongo.
Hunishtua mtu akisema "nakuja sasa hivi."
Hunishtua jina la mume wangu
likiwaka kwenye simu saa za kazi.

Ghalib yuko Duqm. Kila Jumamosi alasiri
analikata jangwa, na usiku humkuta njiani,
ngamia wamelala barabarani, weusi kama lami.
Namwandikia: Umefika Sinaw?
Namwandikia: Mahut je, umefika?
Tiki moja, ya kijivu. Naitazama
kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa.
Kabla haijawa mbili nimeshamkosha, nimeshamkafini,
nimeshachagua nani atamwambia mama yake
na gari la nani litatangulia makaburini.
Kisha inaingia: "Nimefika. Mbona hujalala?"
Kila wiki namzika, kila wiki anarudi,
na mwenyewe hana habari;
anauliza tu kama bili ya umeme nimelipa.

Azhar akikohoa nawasha taa.
Akicheka sana namwambia, taratibu, taratibu,
kama kwamba kicheko kina kiasi chake
na yeye anakimwaga.
Ana miaka saba. Juzi kaniuliza:
"Mama, mbona unaniangalia kama naondoka? Naenda wapi?"
Sikuwa na jibu. Nikamkata kucha,
na jana yake nilikuwa nimemkata.

Na mama.
Usiku kiyoyozi kikijizima, nyumba ikawa kimya,
huenda kusimama mlangoni kwake, miguu mitupu.
Pumzi ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu hukawia,
nami huomba dua isiyo na mwanzo,
yaani naanzia katikati: huyu usimchukue, huyu ngoja kwanza.
Inakuja, ya tatu. Narudi kulala.
Silali.

Usiku wa kuamkia Ijumaa sikuwahi kuinuka.
Nilisikia ndara zake zikiburura sakafu,
mkono ukipapasa ukuta kwenye giza.
Akasimama juu yangu. Harufu ya udi na Viksi.
Akaniwekea mgongo wa kiganja chini ya pua
na akangoja.
Bi Rayya, mtu wa Wete, aliyewafunza mtaa mzima
kwamba kilio kikubwa ni utovu wa imani!
Nilifumba macho. Nikapumua kwa nguvu, kwa makusudi,
kama mtoto anayesoma kwa sauti
ili asikike chumba cha pili.
"Haya," akasema. Basi.
Nikamsikia akifungua mlango wa Azhar.
Halafu wa Zuwena.
Huko alikaa sana.

Asubuhi alinipa baisa mia tatu, zimelowa jasho la mkono wake.
"Kalete mkate," akasema. Na nilipofika uani:
"Usikawie."

Nikaenda. Ile ngazi niliiruka.
Mmalabari akanihesabia mikate bila kuniangalia usoni,
akaongeza mmoja, akakataa pesa yake.
Niliporudi mama alikuwa langoni,
mtandio umemteleza begani,
nyayo zake tupu juu ya saruji ya moto.